Lango la Mtaro wa Ziwani

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa tope. Mtaro mkubwa wa mji, kabla ya kufika ziwani, uliingia kwenye shimo pana la zege. Humo maji ya mvua yalitulia, mchanga ukazama, ndipo yakapita kwenye lango la chuma yakiwa safi kiasi. Mama Beleshi, kama mtaa ulivyomwita, ndiye aliyezoa tope hilo na kutunza lango. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mdomo. "Nyinyi mnakunywa maji," aliwaambia waliomcheka, "mimi nakunywa lawama."

Mwaka ule, baada ya manyunyu tu, alichovya ufito shimoni akakuta tope limefika usawa wa goti. Kawaida halikuvuka kifundo cha mguu. Tena lilikuwa jekundu. Alilisugua kati ya vidole, akatambua ni udongo wa mlimani, akapanda huko.

Huko juu hakukuwa na jani. Mteremko mzima ulikuwa umechunwa ngozi, viwanja vimepigwa vigingi, na juu ya tingatinga alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, hata kichaka kimoja hukumwachia Mungu?"

"Mimi naambiwa fyeka, nafyeka. Nyumba ya mama nayo inataka bati."

"Nyumba ya mama iko bondeni, chini ya udongo huu."

Shemeji aliwasha injini.

Ofisini, mkuu wa mitaro hakuinua hata macho. "Andika barua."

"Nimeandika tatu."

"Basi andika ya nne."

Siku ya nane baada ya hapo, saa saba mchana, taa zikawashwa madukani. Ndege wa ziwani walinyamaza. Mvua ilianza kwa matone mazito, kisha mlima ukaunguruma, na mtaro ukaleta uji mwekundu uliobeba vigingi na mawe. Shimo lingejaa muda si mrefu.

Akiacha lango wazi, tope lingeingia ziwani, palepale bomba la mji linapovuta maji. Akilifunga, maji yangerudi nyuma hadi uchochoro wa chini: nyumba kumi na moja, ya mama mkwe wake ikiwemo.

Alikimbia mlango hadi mlango. "Tokeni! Bebeni wazee, vyombo acheni!"

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, miguu kwenye maji ya mvua yaliyokwisha kuingia. "Nani atanifungia mlango?"

"Mama, mlango wenyewe hautakuwepo."

Alimbeba mgongoni hadi barabara ya juu, akamkabidhi kwa majirani. Akahesabu watu wa nyumba zote kumi na moja. Ndipo akarudi, akashika gurudumu la lango kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka chuma kikagonga chuma.

Mvua ilipokatika, tope lilikuwa limefika madirishani. Hakufa mtu. Ziwani kulikuwa na doa la rangi ya kutu, lililoishia hatua chache kabla ya bomba. Mjini watu walifungua mabomba ya majumbani, maji yakatoka meupe, hakuna aliyeuliza kitu. Uchochoroni waliuliza.

"Aliyefunga ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama mkwe alisogea mbele. "Mwanangu, nyumba yangu umeizika."

"Nilikutoa kwanza, mama."

"Ulinitoa, ndiyo." Akageuza uso. Tangu hapo alizungumza naye kwa salamu tu.

Shemeji alikuja akachimba siku mbili, akitoa kitanda cha mama yake kipande kwa kipande. Siku ya tatu alikaa juu ya ukingo wa shimo.

"Jumatatu tunaanza upande wa pili wa mlima."

"Na wewe umo?"

"Nikikataa, ataitwa mwingine."

Mama Beleshi alikuwa ameshazoa nusu ya tope. Alishuka tena shimoni. Ukutani aliona ufa mpya, mrefu kama mkono wake, ukitoa maji taratibu kuelekea ziwani. Aliuziba kwa kiroba cha mchanga, akaukandamiza kwa mguu. Maji yakapata njia nyingine pembeni.

Juu ya mlima wingu lilikuwa limeshatanda.