Egide Nduwayezu na Chumvi ya Mwenyekiti

Egide Nduwayezu, mwana wa Karoli aliyembeba mama yake mgongoni na kuvuka naye mto Malagarasi akikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili, mjukuu wa Barandereka aliyegoma kubeba mizigo ya Mbelgiji, akachapwa kiboko mbele ya watoto wake, na kesho yake akagoma tena. Barandereka ni baba yangu mzazi. Nilikuwa nimesimama pale, siku zote mbili.

Huo ndio ukoo. Hatuachi kitu katikati, hata kama mwisho wake ni mbaya. Egide mwenyewe, tulipokuwa kambini Kigoma, alianza kuchimba kisima na wenzake nyuma ya shule. Maji yakakataa. Wenzake wakaacha, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Yeye akaendelea peke yake mpaka akagonga mwamba, akarudi nyumbani na udongo masikioni akaniambia, sasa najua kwamba pale hakuna maji. Akaoga, akala, akalala usingizi mzuri. Ukimwelewa Egide wa kisima, utamwelewa Egide wa barafu.

Maana ni kweli, mtoto wa kaka yangu alicheza mpira wa magongo juu ya barafu, hapa hapa Texas, ambako mwezi wa nane lami inanata kwenye viatu. Tulipofika Fort Worth walimpeleka kwenye ghala moja kule Garland, kupanga maboksi. Baadaye akapata kazi ya pili kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo kama ghala, upande wa Dallas. Kwanza alifagia, kisha wakamfundisha kuendesha ile mashine inayolainisha barafu. Ukimwacha Egide karibu na jambo asilolijua, atalijua. Akavaa viatu vya visu, akaanguka mwaka mzima, siku moja akaacha kuanguka. Halafu akaanza kuwaita wenzake: Anicet wa hotelini, Darius wa kiwanda cha kuku, na mjukuu wangu Ella, ambaye ukimwita kula kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiingereza. Wakawa timu. Yeye akakaa golini.

Mimi mchezo wenyewe sikuupenda, na sitasema uongo leo kwa sababu unamhusu mtu wangu. Yale mavazi yananuka kama soksi iliyolowa ikasahauliwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Unatoka kwenye joto, unaingia mle, unakaa na koti kama mgonjwa wa malaria, unatazama watu wazima wakigombania kisahani cheusi cha mpira kisichoonekana. Lakini nilikwenda kila mara. Mtu wenu akicheza, mnakwenda.

Kuna kombe la wahamiaji, si kubwa, linachezwa mara moja kwa mwaka, kila jamii kwa jina la nchi yake. Mwaka 2018 lilichezwa Houston, na Burundi wetu wakapangwa na Wakanada. Hao Wakanada ni mainjinia wa mafuta wa huko huko Houston, lakini msidanganyike na neno injinia. Wengine walikuwa wanalipwa kwa kucheza kabla hawajayajua mafuta. Walizaliwa barafu ikiwa mlangoni. Sisi barafu yetu ya kwanza tuliikuta kwenye friji.

Kombe hilo lina sheria: timu ikizidiwa mabao kumi, refa anapuliza filimbi na mechi inaishia hapo. Wanasema ni kwa ajili ya usalama. Kipindi cha pili kilikuwa hakijafika mbali filimbi ikapulizwa. Wakanada wakaja kuwapigapiga watu wetu vichwani kwa upole, kama unavyompigapiga mtoto aliyejitahidi kuimba. Wakaleta mikate yenye nyama baridi. Na watu wetu wakala. Walikula, nawaambia, na mwenyekiti wetu wa jumuiya, Florent, akapanga watu apige picha, midomo bado inatafuna.

Jioni tulikuwa Sharpstown, mtaa wa huko huko Houston, kwa Natalia, binti wa dada yangu, vyumba vile vilivyobanana ambapo harufu ya kila chungu inaingia kwa jirani. Natalia alikuwa amepika ugali na samaki. Darius akaanza utani, akasema wale Wakanada ni watu wema, wangetaka wangefunga arobaini. Wakacheka. Egide hakucheka wala hakunawa mikono. Alikaa kando yangu.

"Shangazi, kushindwa nakujua," akasema. "Hawa hawakutushinda. Walituhurumia."

Nikamuuliza sasa anataka nini, maana kuwashinda hatawashinda, hilo hata mimi nisiyejua mchezo naliona.

"Nataka filimbi ya mwisho. Hata tukifungwa tisa, mechi iishe kwa saa yake."

Basi. Hakutaka kombe wala medali. Mwaka mzima akawafanyisha mazoezi kwa hilo moja, jinsi ya kufungwa polepole. Anicet alimtania kwamba yeye ndiye kocha pekee duniani anayefundisha watu kushindwa kwa adabu. Egide akamjibu kwamba akimaliza somo hilo atafundisha la pili.

Mwaka 2019 zamu ya kuandaa ikatuangukia sisi. Burundi ndiyo mwenyeji, uwanja ni ule ule anakofanya kazi Egide. Mngedhani kamati ingekaa kuzungumzia timu. Kamati ilikaa jioni nyingi kuzungumzia vitenge vya sare, nani atakaa meza ya mbele, na mgeni rasmi ni nani. Egide aliomba waisaidie timu ipate muda zaidi wa barafu. Florent akamwambia, ndugu yangu, mambo ya ufundi tutayaona baadaye. Florent ana sauti ya redio na shingo ya mtu aliyeshiba. Nilimjua kambini, alipokuwa anapanga watu kwenye foleni ya mahindi na yeye mwenyewe hapangwi. Hakubadilika, alibadilisha koti tu.

Mgeni rasmi akapatikana: mzee Absalom, Mkenya wa Arlington mwenye kampuni ya kuuguza wazee majumbani. Ndiye aliyewanunulia jezi. Sina neno naye, ni mtu wa watu.

Sasa kwetu mechi haianzi hivi hivi. Mgeni rasmi lazima ashuke uwanjani, timu zijipange, awape mkono mchezaji mmoja mmoja, apigwe picha, ndipo mpira uchezwe. Ni desturi nzuri, kwenye nyasi. Egide alikwisha kuwaambia kwamba uwanja una mkeka wa mpira, utatandikwa, mzee atapita, utaondolewa. Florent akautazama ule mkeka, akasema umechakaa, utaharibu picha. Akauliza, kwani sisi hatujui barafu? Majira ya baridi yakikaza Fort Worth, ngazi za kanisa zinapoganda, ni yeye Florent anayemwaga chumvi iyeyushe barafu ili waumini wasianguke. Ndoo ilikuwa imebaki stoo ya kanisa, chumvi ile ya kijivu, mawe mawe. Akaileta kwenye gari.

Nilimwona kwa macho haya. Timu zilikuwa vyumbani zinavaa. Florent akaingia kwenye barafu akijishikilia ukuta, akamwaga chumvi kutoka mlangoni hadi mbele ya goli letu, kwa mkono wake, kama mtu anayelisha kuku. Nikadhani ameagizwa. Mtu mwenye koti namna ile unadhani ameagizwa.

Mzee Absalom alikuwa kando yangu. Akanong'ona, "Mama, mimi ningewapungia mkono tu kutoka kwenye kiti." Lakini wakamchukua, huku na huku, wakampitisha kwenye chumvi yao. Akasalimia. Halafu Florent akashika kipaza sauti, akatambulisha kamati, mmoja mmoja, na wake zao, na waliotoa udhuru. Wakanada wamesimama na fimbo zao, wapole kama ng'ombe. Na chini yao barafu inaliwa.

Waliporudi kwenye viti, mbele ya goli letu palikuwa matope meupe yenye vishimo. Meneja wa uwanja, mwanamke wa Kimarekani mkavu, akaja akipiga magoti hapa na pale akiuliza ni nini hiki. Florent akawa wa kwanza kujibu, kwa Kiingereza chake cha mikutano. Akasema huenda ile mashine ilivuja. Mashine anayoiendesha nani? Egide. Alisema hivyo Egide akiwa hatua chache kutoka kwake, amevaa madude yake ya golikipa, na hakumtazama usoni.

Egide akainama, akachovya kidole, akaonja. Akatema mate. Mimi nikajua, naye akajua kwamba nimejua. Lakini alinyamaza, na nilielewa kwa nini: akisema ni chumvi, mechi inafutwa saa ile ile. Nahodha wa Wakanada alikuwa amekwisha kupendekeza kwa upole waache tu, waende wakale pamoja. Kula tena.

"Tutacheza," Egide akasema. "Upande mbovu ni wetu, hatubadilishani, vipindi vyote vitatu."

Hakuna aliyebisha. Walimwona muungwana anayejinyonga.

Basi wakacheza, na hapo likatokea jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Wakanada walikuja kama upepo hadi pale penye matope, na pale kila kitu kikafa. Kisahani kikazama. Visu vikashika. Mtu mkubwa namna ile, aliyecheza mbele ya maelfu, unamwona anatembea kama mama aliyevaa viatu virefu kwenye shamba la mpunga. Egide na wenzake, waliozoea kuteleza vibaya, wakateleza vibaya kama kawaida yao. Mabao yaliingia, lakini kwa taabu. Kipindi cha kwanza matatu. Cha pili yakawa saba. Cha tatu yakafika tisa, na saa ilikuwa bado inahesabu.

Watu wetu wakasimama. Hata mimi nilisimama, nikiwa na koti na blanketi. Moja likiingia, imekwisha, mikate inaletwa. Mkanada mmoja akaachiwa peke yake, akapiga chini. Egide akajitupa, akatanguliza goti kwenye yale matope, goti likaenda upande mmoja na mguu upande mwingine. Kisahani kikampiga paja kikatoka nje. Hakuinuka vizuri tena, alisimama kwa kushikilia chuma cha goli, na alikuwa ameshikilia vile vile ilipolia kengele ya mwisho.

Tisa bila. Mngedhani tumechukua kombe la dunia. Wanawake walipiga vigelegele, Anicet alilia. Egide peke yake alikuwa anatazama chini, pale mbele ya goli.

Chakula kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa Fort Worth. Pilau, ndizi, maharage, mbuzi. Wakanada wakaalikwa, wakapewa meza yao na soda baridi. Egide wakamkalisha karibu nami, mguu juu ya kiti kingine, mfuko wa barafu juu ya goti lililovimba kama papai. Nilikuwa naye daktari aliposema baadaye, lakini yeye alijua palepale kwamba golini harudi tena.

Florent akasimama. Akashukuru Mungu na kamati, kwa Kiingereza. Halafu akashusha sauti, akaanza kusema Kiswahili cha ndani, cha kambini, ili wageni wasishike. Akasema watu wanadhani ushindi ni misuli, kumbe ni akili. Akasema kuna watu walicheka ndoo yake. "Ile chumvi," akasema, akajigonga kichwani kwa kidole, "mnadhani ilikuwa ya mzee Absalom tu? Ilikuwa mbinu."

Wakacheka. Wakapiga makofi, mikono ina mafuta ya mbuzi. Na Wakanada, kwa kuwa ni watu wa adabu na hawakuelewa kitu, wakapiga makofi nao. Mchana alimtwika Egide lawama za mashine; jioni alijitwalia sifa za chumvi, na katikati hakunawa hata uso. Mzee Absalom aliweka kijiko chini, akatazama viatu vyake. Ngozi ya viatu ilikuwa imeanza kufanya madoa meupe ya chumvi.

Nilisukuma sahani yangu. Nikamwambia Egide asijali, filimbi yake ameipata, mechi imeisha kwa saa yake.

"Haijaisha, shangazi," akasema. "Ile haikuwa barafu."

Florent alikuwa anapita mezani akipokea mikono. Alipofika kwetu akamnyooshea Egide mkono, akamwita golikipa wa taifa. Egide akauacha mkono ule hewani. Aliendelea tu kushikilia mfuko wake wa barafu, mpaka mwenyekiti akajifanya kuna mtu amemwita upande wa pili.

Ndipo akamwita Ella. Ella akaja na sahani, akiwa bado anacheka na wenzake. Egide akamwambia aiweke chini. Akamwambia kuanzia siku hiyo goli ni lake, na ajifunze kukaa humo, maana yeye goti limemwacha. Kisha akamwonyesha meza ya Wakanada kwa kidevu.

"Nenda pale. Waambie ilikuwa chumvi, waambie ni nani aliyeimwaga, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Mashine haikuvuja. Halafu omba mechi nyingine, Houston kwao, barafu safi."

Ella akauliza, kwa Kiingereza, itakuwaje wakicheka. Wakisema hakuna haja.

"Kaa mezani kwao mpaka wakubali," Egide akasema. "Na usile chochote watakachokupa."