Picha ya Kahawa Imenipatanisha na Jirani

Leo nimeomba ruhusa ya picha mtandaoni, na jibu limebisha hodi kwangu!

Nilikuwa naandika kwa blogu yangu kuhusu kahawa ya Subukia. Nikaona picha moja safi sana.

Kuiba sikutaka. Nikamwandikia mwenye picha: "Sasa boss, naomba kuitumia. Nitaweka jina lako chini yake."

Akajibu: "Si wewe ndiye yule wa mtaa wa Section 58 mwenye jogoo?"

Woi! Kumbe ni Baba Chebet, jirani yangu. Hatujasalimiana tangu tugombane juu ya kelele za huyo jogoo.

Mara hodi. Amesimama mlangoni, anacheka.

"Tumia picha zangu zote. Lakini huyo jogoo, siku moja nitampiga picha akiwa kwa sufuria!"

Tumekunywa chai, tumecheka hadi machozi.

Kwani nyinyi majirani zenu mnawajua kweli?