Deli la Boti Halichaguliwi kwa Rangi

Mwanangu, siku ile tulipokwenda Tanga mjini kununua deli la boti, lile sanduku la kuwekea barafu na samaki, naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa, na mama yenu akinisikia nasema hivi ataninunia mpaka jioni. Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Pongwe, ambako baba yangu alikuja zamani kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Bahari sikuijua. Aliyenivuta pwani ni dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kigombe na mvuvi jina lake Sefu. Watu wa Kigombe walimwita Mwanaisha tangu siku aliposilimu na kuolewa. Mimi nilibaki kumwita Dada. Shemeji Sefu alikuwa ndiyo kwanza amepata boti ndogo ya faiba yenye mashine ya nyuma, akanichukua niwe mwenzake kwa kuwa nilijua kidogo mambo ya mashine.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha picha kwenye simu, deli jembamba lenye magurudumu na matundu ya kuwekea glasi, ukaniuliza nalionaje. Sikukujibu. Hukunielewa, ukadhani mzee amekasirika. Sikukasirika. Niliingiwa na hofu, ile ile ya zamani.

Duka lilikuwa la mzee mmoja tuliyemwita Karimbhai, Mhindi mpole, asiyejua kumharakisha mteja. Madeli aliyapanga nje, barazani. Mimi na Shemeji tulikwenda moja kwa moja kwenye la buluu, jepesi, unalibeba kwa mkono mmoja. Dada akalipita kama halipo. Yeye ndiye aliyewauza samaki wa Sefu kule Pongwe, na kila alipouza alikuwa na wasiwasi. Akawa anagonga kuta za madeli kwa vifundo vya vidole, anasikiliza. Anafungua mfuniko, anapitisha kiganja kwenye mpira wa ukingoni, anafunga, anafungua tena. Mara akamwuliza mwenye duka kama anaweza kukalia mfuniko.

Karimbhai akacheka. "Mama, haya ya nje ni ya watu wa Raskazone, wakae ufukweni Jumapili na soda zao. Wewe wataka la bahari. Ngoja."

Akavuta kutoka ndani deli moja zito, jeupe lililopauka, lenye sura mbaya, kuta zake nene kama kiganja changu kilivyo kipana. Mfuniko nao mnene vile vile. Bawaba zake za chuma kisichoshika kutu, na chini lina kizibo cha kutolea maji. Sefu alichungulia ndani, akashika kiuno.

"Mke wangu, hili nafasi yote imeliwa na ukuta!"

"Ukuta ndio ninaoununua," Dada akajibu. "Uwazi wa ndani hata ndoo inao."

Mimi, kwa utoto, nikachekelea. "Kwani tunasafirisha maiti, Dada?"

Akanigeukia. Hakupandisha sauti, mwanangu, na ndiyo maana maneno yale hayajanitoka. "Alois, nyie mkishashusha samaki mnakwenda kulala. Anayesimama mbele ya mama wa watu ni mimi. Nikimuuzia kibua aliyeshinda kwenye joto, watoto wake wakavimba midomo, wakatapika, nimwambie nini? Nimwambie deli lilikuwa na rangi nzuri?"

Deli likapakiwa.

Nyumbani hakuridhika bado. Alilijaza barafu, akalifunga, akaliacha uani juani, na sote tukakatazwa kuligusa. Kesho yake alipofungua akaikuta barafu bado ina kingo zake, ndipo akaruhusu lifungwe kwenye boti. Sefu alilikaza katikati kwa kamba nene, pande zote mbili, maana kitu kizito kikiteleza baharini kinaweza kupindua boti.

Basi asubuhi moja tukatoka. Tulikuwa na barafu iliyovunjwa ya kufunikia samaki, na bonge moja zima ambalo Dada alikataza lisivunjwe, kwa kuwa bonge huyeyuka taratibu. Tulilisimamisha upande mmoja, samaki wakawa upande wa pili. Tukavuka miamba, tukapata vibua na jodari wadogo, tukawa tunaimba. Tulipowasha mashine turudi, ikaunguruma vizuri, lakini boti haikusogea. Nikainyanyua: propela haizunguki. Kitu kilikuwa kimekatika huko ndani, na cha kubadilisha hatukuwa nacho. Tukatupa nanga, kamba ikaisha bila kugusa chini. Mkondo ukatushika, ukaanza kutupeleka kaskazini na nje, na milima ya Usambara ikawa inafifia kila nikigeuza shingo. Simu ya Shemeji ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akaitoa, akainyanyua juu, akairudisha. Mtandao hakuna.

Kisha tukaliona dumu la maji ya kunywa. Lilikuwa limelala ubavu, mfuniko umelegea. Kilichobaki hakikujaza kikombe. Ni nani hakuukaza? Hatukuulizana, wala hatujaulizana mpaka leo.

Nikaenda kufungua deli. Sefu akaniwahi, akaukalia mfuniko.

"Hatufungui, Shemeji."

"Nina kiu."

"Hata mimi. Kila tukifungua tunaingiza joto. Barafu hii ndiyo maji yetu, na hatujui tutaokotwa lini."

Tulikuwa na turubai moja. Akalifunika deli lote, sisi tukajibanza ubavuni mwake chini ya pindo lililobaki, magoti yamegusana. Hapo ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Sikuihofia bahari, wala papa. Niliuhofia mfuniko ule. Ndani kumebaki kiasi gani? Bonge bado bonge, au tunalinda samaki wanaoelea kwenye maji ya damu? Kujua ilibidi kufungua, na kufungua ndiko kungeimaliza barafu. Nilikuwa naweka sikio kwenye ukuta wa deli nisikie kama maji yanacheza. Nikiyasikia, roho inashuka. Nisipoyasikia, nadhani masikio yamekufa.

Alasiri upepo ukachafuka. Boti ikawa inapanda na kuanguka, na deli likawa linazivuta kamba zake, linalia. Nililikumbatia kwa mikono na miguu. Mawimbi yaliingia, yakatupiga, yakalipiga. Nilikuwa nawaza mfuniko ufumuke, chumvi iingie, basi tena. Haukufumuka. Komeo zake mbili zilibaki zimeuma.

Kulipopambazuka Sefu akasema, "Sasa. Upesi." Alifungua kadiri mkono unavyopita. Baridi ikanigusa uso na machozi yakanitoka. Bonge lilikuwepo. Limepungua, limekuwa mviringo, lakini lipo. Akamega kipande kwa kisu, akakisuuza baharini kutoa shombo, tukamung'unya. Ladha ilikuwa ya samaki na chumvi kidogo, na mimi sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Mfuniko ukarudi. Na hofu nayo ikarudi, maana sasa tulijua limepungua.

Jua lilipopanda, Shemeji akaanza homa. Midomo ilipasuka, akawa anaongea na Mwanaisha kama yuko pale. "Nakuja, weka chai." Mwanangu, nilikuwa peke yangu. Mtu mzima wa boti ndiye huyo analala kwenye mapaja yangu, na mimi ni mtoto wa mkata mkonge. Moyo mmoja ulinituma nifungue nimpe barafu yote apone. Wa pili ukaniambia, ikiisha leo, kesho utampa nini? Nikawa nafungua kidogo, namega kama ukucha, nampaka midomoni, nafunga. Kila nikifunga naona kama nimemnyima. Kila nikifungua naona kama namwua. Niliomba sala zote za Pongwe, kisha nikaomba na zile nilizowasikia wakwe wakiziomba Kigombe. Sikuchagua.

Boti ya watu wa Moa, kule kaskazini, ndiyo iliyotuona, wanaume wawili wakivuta nyavu zao. Mmoja akapaza sauti, "Mko hai?"

Nikainua mkono.

"Maji mnayo?"

Nikapigapiga tu mfuniko wa deli.

Walituvuta mpaka Moa. Sefu akabebwa, akanyweshwa maji ya uji kwa kijiko, akapelekwa zahanati. Wenyeji wakalishusha deli mchangani, mzee mmoja akalifungua. Ndani kulibaki donge la barafu kama kidafu, na samaki wamekakamaa. Watu wakaitana kuja kutazama, lakini mimi nilikaa mbali. Sikutaka kuliona.

Dada alipigiwa simu, akafika siku hiyo hiyo kwa gari la kukodi, kanga mbili kichwani. Baadaye niliambiwa kwamba kule Kigombe wanawake walikuwa wameshaanza kuja kukaa naye, na mmoja alikuwa tayari amemshauri ajiandae. Nikasimama nikamwamkia, "Shikamoo, Dada." Alinishika uso, akanigeuza huku na huku kama ananichagua sokoni. Akaenda kwa mumewe, akakaa naye mpaka alipofungua macho na kumtambua. Alipotoka akaja moja kwa moja kwenye deli, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni. Akaushikilia humo. Kisha akakaa mchangani, akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu jioni ile ambayo hatukurudi.

Watu wa Moa walimwambia samaki bado wazuri, wapikwe. Akawaangalia samaki mmoja mmoja, akawabonyeza, akawanusa. "Sina hakika nao," akasema. "Wafukieni."

Sefu alipona, ingawa hakuvuka tena miamba ile bila boti nyingine karibu. Mimi nilirudi baharini baada ya muda. Mpaka leo dumu la maji nalikaza, kisha narudi kulikagua tena.

Sasa sikiliza ninachotaka ukishike. Ukienda kununua deli, nenda na anayewauza samaki wako, usiende na marafiki. Usiulize kwanza linabeba kilo ngapi. Tazama unene wa ukuta, na unene wa mfuniko pia, maana mengine huwa na ukuta mzuri na mfuniko mtupu, na joto linaingilia hapo juu. Ukandamize mpira kwa kidole pande zote nne. Pakiwa na pengo la kupitisha karatasi, liache. Likalie. Likilia, liache. Mishikio yake ivute kama unagombana nayo. Hakikisha kizibo kipo na kinakaza. Kisha lipime nyumbani, juani, kabla bahari haijalipima. Barafu uijaze isiache uwazi mkubwa, mfuniko usifunguliwe kwa kutaka kuangalia tu, na deli lifungwe kwenye boti kabla mashine haijawashwa.

Lakini usije ukaenda kusema, mzee kaniambia deli ni maji ya kunywa. Hapana, mwanangu. Maji yako yawe kwenye madumu mawili, yamekazwa, yamefungwa mbalimbali. Maboya ya kuvaa yawepo. Na kabla hujaondoka, mwambie mtu unakwenda upande gani na unarudi saa ngapi. Sisi tuliokolewa na kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya vibua. Wapo wengi waliokuwa na madeli yao na hawakurudi. Ndiyo maana nikikuona unacheka dukani, mimi sicheki. Nivumilie.

Mungu akutangulie ukitoka, akae nawe ukiwa nje, akurudishe na miguu yako miwili. Akupe samaki wa kukutosha na mashine isiyokuangusha. Na yeyote atakayesimama ufukweni akikungoja, Mungu amfupishie kungoja kwake. Amina.