Baba Yangu Katika Filamu ya Mmarekani

Harufu ya rangi ya viatu ikinifikia, hata mlangoni mwa duka, uso wangu hupata moto. Ni harufu ya Jumamosi ile baba alipong'arisha viatu vyetu vyote, vyake, vya mama na vyangu, akavipanga sebuleni kwetu Sparkbrook, jijini Birmingham, Uingereza, kana kwamba tunakwenda harusini. Tulikuwa tunakwenda sinema.

Baba yangu, mtu wa Bukavu, Kongo, alikuwa akisugua vyuma kwenye karakana moja kule Hockley. Lakini kabla sijazaliwa, akiwa mkimbizi Kenya, aliigiza katika filamu ya Mmarekani mmoja ambaye yeye alimwita Patron, yaani bosi. Maisha ya Patron niliyajua kuliko ya babu zangu. Baba alinisimulia nikisukwa, nikila, nikivaa soksi: kwamba alikuwa mtoto wa fundi cherehani, kwamba tamthilia yake ya kwanza aliionyesha ndani ya ghala la unga, watazamaji wakiwa wamekalia magunia, kwamba alipopata sifa kwenye majumba makubwa ya maigizo aliyaacha, akauza nyumba, akanunua kamera, akaanza kutengeneza filamu na watu wasiowahi kuigiza.

"Watu kama mimi," baba alimalizia, akinyoosha kola.

Kwa hiyo kanisani nilikuwa nimekwisha kutangaza kwamba baba yangu ni mwigizaji. Patron, sasa mzee, alipoalikwa Birmingham kuonyesha filamu zake, ile ya baba ikiwemo, nusu ya kanisa ilikuja nasi. Auntie Nyambura, nesi wa Edgbaston, alitoka kazini moja kwa moja, sare ikiwa chini ya koti.

"Haiya, leo tunakaa na star!" alisema, akanifinya shavu.

Taa zikazimwa. Nilimtafuta baba kati ya askari, kati ya madaktari, hata ndani ya gari la waziri. Kisha kamera ikapita taratibu juu ya mtaro kando ya barabara, na humo mlikuwa na maiti. Wa kwanza, mdomo wazi, nzi shavuni, alikuwa baba yangu. Kamera haikusimama. Filamu ikaendelea bila yeye hadi mwisho.

"Kumbe baba yako ni maiti," mtoto mmoja wa kanisani alininong'oneza kwa Kiingereza. Wenzake wakajiziba midomo. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alipiga makofi kuliko watu wote.

Patron akapanda jukwaani kujibu maswali, mzee mwembamba ndani ya sweta pana. Baba akasimama, akaniinua na mimi.

"Bon, maman, mwambie," alisema, akiniita mama kama siku zote. "Mwambie mimi njo ule mufu wa kwanza."

Nilitafsiri nikitazama zulia: baba anasema yeye ndiye yule maiti wa kwanza. Ukumbi ukaangua kicheko.

Patron hakucheka. Alikinga macho kwa kiganja, akamtazama baba kwa muda. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiamka!" alisema. Akawaeleza watu kwamba kila kamera ilipomkaribia, maiti huyo aliinuka akakaa. Walimbembeleza, wakamkaripia, aliomba radhi, akalala, akaamka tena. Picha yake waliipata jioni, alipokuwa hoi.

Watu wakacheka upya. Baba akaitikia kwa kichwa, na mimi machozi ya aibu yakanitoka. Hata umaiti ulikuwa umemshinda! Tangu siku hiyo hakunisimulia tena habari za Patron, wala sikumuuliza.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba baba alikuwa na mdogo wake, Faustin. Walipotezana wakikimbia vita, na baba alipomwona tena, alikuwa amelala mtaroni, amekufa. Baba alikaa hapo akimwita aamke, mpaka watu wakamvuta waendelee na safari. Nikaukumbuka ule ukumbi, watu wakicheka na mimi nikilia, na kati yetu sote hakuna aliyejua tunachokitazama.

Nilimwendea baba jikoni, akimenya viazi. Nikamuuliza, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, kwa nini alikuwa akiamka.

Aliweka kisu chini.

"Nililala sawa vile Faustin alilala," alisema. "Halafu nikasikia miguu yangu inakubali kuamka. Sasa, maman, ningebakia chini namna gani?"