Mpira Juu ya Kamba ya Nguo

Binti yangu wa pili tulianza kumwita Mlingoti akiwa darasa la tano, alipoanza kuinama kila akiingia mlangoni. Kaka yake alikata kitako cha ndoo, akaipigilia ukutani nyuma ya jiko, basi hicho ndicho kikawa kikapu chao. Tatizo, kamba yangu ya nguo ilipita katikati ya uwanja wao, na mimi kazi yangu ni kufulia watu. Nikaweka sheria: mpira ukigusa mashuka, aliyerusha anafua upya. Mlingoti alifua, maskini, mpaka akajifunza kuurusha juu, juu kabisa, unatua ndani ya ndoo kama umewekwa kwa mkono.

Mtupo huo ndio uliomfanya mchezaji wa kulipwa. Miaka tisa amevaa jezi namba kumi na nne, amepanda ndege, nami namshukuru Mungu. Kisha goti likamwangusha. Alipopona alirudi uwanjani na woga wake. Mpira akawa anausukuma chini chini, unagonga chuma cha kikapu. Kocha akamwambia wazi, "Dada, mechi ya Jumamosi ndiyo itakayoamua. Ama mkataba, ama tuagane."

Jumamosi hiyo niliacha nguo za watu kwenye beseni, nikaenda ukumbini kwa mara ya kwanza. Njia nzima nasali tu. Zimebaki sekunde nne, pointi ziko sawa, Mlingoti akachezewa rafu. Akapewa mitupo miwili. Wa kwanza, chuma.

"Mpumzisheni bibi huyo akalee wajukuu!" akapiga kelele baba mmoja nyuma yangu.

Mwanangu akaushika mpira chini kifuani, vilevile kama siku zile alipokuwa akinigongea mashuka. Mungu anisamehe, maneno yalinitoka yenyewe:

"We mtoto! Mashuka yangu!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mlingoti akacheka, meno yote nje. Akavuta pumzi, akaurusha juu ya kamba tuliyoiona mimi na yeye tu. Ukazama wavuni, chuma hakikusikika.

Mkataba alipata, wa miaka miwili. Jumatatu kocha, akiwa ameshasimuliwa na Mlingoti habari za ndoo na mashuka, akaja nyumbani. "Mama, nionyeshe hiyo ndoo."

Nikamwonyesha. Akarusha, mpira ukatua katikati ya shuka jeupe.

"Pole, baba," nikamwambia, nikimsogezea beseni na sabuni. "Sheria ni hiyohiyo."