Milimita Zangu na Futi Kamba ya Mzee

Nilitaka kitu kimoja tu: kompyuta ile ibaki kwenye milimita. Sikutaka kiti kipya wala kusifiwa. Kila asubuhi nilifungua programu ya kupangia kurasa, nikaenda pale inapokuuliza upime kwa kipimo gani, nikachagua milimita. Mchana nilikimbia nyumbani Njoro kumnyonyesha mwanangu, na nikirudi nakuta inchi.

Aliyekuwa ananibadilishia ni mzee mwenye duka. Kabla biashara haijawa huria na kila mtu kuuza anachoweza, alikuwa anapasua mbao. Alipohamia kwenye steshenari pale Moshi mjini, mbao aliziacha, futi kamba yake ya kupimia hakuiacha. Alienda nayo mpaka kwenye sherehe za kipaimara, imevimba kwenye mfuko wa koti.

"Mbao inchi, bomba inchi, msumari inchi," aliniambia. "Wewe na milimita zako hizo, kama chawa."

"Karatasi siyo mbao, mzee. Aliyeitengeneza hii ya A4 aliipima kwa milimita."

"Ulimwona? Chapa unachoambiwa."

Nilichapa, huku nasaga meno. Kidato cha nne nilimaliza. Programu ile nilijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kukosea. Baba mtoto alikuwa Mererani anatafuta mawe ya tanzanite, na kilichofika kutoka kwake kilikuwa salamu. Nikipoteza kiti kile, ningerudi kwa mama mkwe kukata majani ya ng'ombe. Majani hayana ubaya. Mimi nilikuwa nimechagua kompyuta.

Ndipo wakaja akina mama wa kikundi kimoja cha Kibosho. Walikuwa wameanza kukaanga kahawa yao wenyewe na kuifunga kwenye makopo, badala ya kuwaachia wanunuzi yote. Hoteli moja mjini ilikubali kuyaweka makopo yao kwenye rafu, mradi yawe na lebo inayoeleweka. Siku waliyokuja mimi nilikuwa Njoro, nimempakata mtoto. Mzee ndiye aliyewapokea. Walimletea kipimo cha mzunguko wa kopo: ukanda wa ganda kavu la mgomba. Akaunyoosha juu ya meza, akaweka futi kamba, akaniandikia inchi tisa na nusu. Kimo hakupima kabisa. Alisema makopo ya aina hiyo anayajua, ni mbili na robo tatu.

Nikachapa kama nilivyoandikiwa, kwenye karatasi za gundi ambazo tulikuwa tunaziagiza Arusha na kuzihesabu kama mayai.

Wiki haikuisha, mwenyekiti wa kikundi akarudi. Mama mnene, mpole, lakini siku hiyo hakusalimia mtu. Alitupa bunda la lebo juu ya meza.

"Haikutani nyuma. Bati linaonekana hapa, upana wa kidole gumba. Na huku juu imepanda kwenye ukingo imekunjamana. Hoteli wametucheka! Wamesema tulete tena Jumatatu, basi."

Mzee akaninyooshea kidole. "Ni huyu na milimita zake."

"Uliniandikia inchi, mzee!"

"Ukazigeuza."

"Sikugeuza hata moja!"

"Nenda nyumbani ukakae na mtoto. Nitatafuta kijana wa kukaa hapo."

Nilichukua rula yangu ya shule. Kopo lenyewe liko wapi, nikamuuliza yule mama. Akasema yote yako kwake kihambani, kwenye shamba lao la migomba. Nikapita Njoro nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda naye Kibosho. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupanda mpaka kwenye theluji.

Aliyepima alikuwa bibi mmoja aliyekaa jikoni anageuza kahawa kwenye kikaango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeyakatia makopo yetu sketi fupi?"

Wenzake wakacheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi sikucheka. Nikamwomba anionyeshe alivyopima.

Akachomoa ukanda wa ganda la mgomba, akauzungusha kwenye kopo, akakata kwa kisu pale pale ncha zinapokutana. Sawasawa kabisa. Halafu, huku anaendelea kuongea na wenzake, akafunga fundo ncha hii, akafunga fundo ncha ile. Ganda kavu ukiliacha wazi linachanika; kule juu mkono unafunga wenyewe, hausubiri kuambiwa. Nikauchukua ukanda nikauzungushia tena kopo. Ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole gumba.

"Yesu na Maria," akasema bibi.

Basi, nilikuwa nimepanda mlima wote ule kumtafuta mzee kwenye kosa, na kwenye mzunguko nikamkosa. Hapo inchi hazikuwa na hatia. Nikapima ukanda mwingine usio na mafundo, milimita mia mbili sitini, kisha nikasimamisha rula kupima kimo, kutoka ukingo wa chini mpaka wa juu. Sitini na nane. Hapo nikampata.

Kesho yake nilifika dukani na kopo mkononi. Nikakaa, nikachagua milimita mbele ya macho yake.

"Si nilikwambia ukae nyumbani?"

"Pima kimo, mzee."

Akatoa futi kamba. Akainamisha kichwa. "Mbili na robo tatu." Akainamisha tena. "Kasoro."

"Kasoro ngapi?"

"Kasoro kidogo."

"Hiyo kidogo niiandike wapi? Programu haina mahali pa kidogo. Ndiyo iliyokunjamana kwenye ukingo." Nikamwekea rula. "Sitini na nane. Karatasi ina upana wa mia mbili na kumi. Zinaingia lebo tatu, na pembeni inabaki nafasi ya printa kushika. Kwa robo tatu yako zinaingia mbili, karatasi inayobaki tunatupa."

"Tatu?" Karatasi za gundi zilikuwa zinamuuma.

"Tatu. Mzunguko mia mbili sitini na sita, nimeongeza sita ili ncha ipande juu ya mwenzake. Bibi alifunga mafundo kwenye ukanda, ndiyo maana ulikuwa mfupi. Sasa nisikilize. Nachapa, lakini kipimo hiki hakiguswi. Nikitoka kunyonyesha nikarudi nikakuta inchi, naenda nyumbani kweli, na huyo kijana wako umwite."

Futi kamba ikajirudisha yenyewe ndani ya kasha lake, tap!

"Chapa."

Lebo ya kwanza niliibandika kwenye kopo mbele yake. Akapitisha kidole gumba kwenye maungio, akapitisha kwenye ukingo wa juu.

Jumatatu jioni yule mama mwenyekiti alipita. Hoteli walikuwa wamepokea, na sasa kikundi kinataka lebo za makopo makubwa. Alikuwa ameanza kumweleza mzee, anamwonyesha ukubwa kwa mikono.

"Mweleze huyo," mzee akamkatiza, akielekeza kidevu kwangu. "Na mlete kopo lenyewe."