Bata Asiye na Kichwa

Gerd Lommertz alikuwa na bucha karibu na kanisa, mikono mipana kama sinia, na jambo moja lililomnyima raha: Merle, binti wa mkewe, hakuwahi kumwita kwa jina lolote. Tangu Gerd amwoe Silke, kwa mtoto yule alikuwa "wewe" tu. "Wewe, nipe chumvi." Gerd alimpa chumvi. Hakutaka kulazimisha, lakini ilimuuma sana, na anayedhani pande la mtu kama lile haliumii kwa neno dogo hajui watu.

Novemba ile, wazazi walipoitwa shuleni kutengeneza taa za karatasi zenye umbo la bata bukini kwa maandamano ya watoto ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, Silke alikuwa zamu hospitalini. Akaenda Gerd. Akajibana kwenye kiti cha mtoto kando ya Merle, akapewa karatasi ngumu nyeusi, mkasi na gundi.

"Wewe utaweza kweli?" Merle akauliza.

"Bata bukini? Mimi nimeshika bata mara nyingi kuliko mwalimu wako alivyoshika chaki!"

Akakata bila hata kuchora. Mkono ulikwenda wenyewe: kifua kinene, mapaja yamefungwa vizuri. Kwa ndani akabandika karatasi laini ya rangi ya chungwa, akatia balbu, akawasha. Darasa likaangua kicheko. Bata hakuwa na kichwa, shingo wala manyoya. Alikuwa tayari kuingia kwenye oveni, sawasawa na wale wa kuliwa sikukuu waliojaa bucha wiki ile nzima.

Gerd alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nitakutengenezea mwingine," akasema, lakini karatasi nyeusi ilikuwa imekwisha. Merle akaitazama ile taa, akavaa koti lake. Wakati wa kurudi nyumbani alitembea mbele peke yake.

Jioni ya maandamano kulikuwa na baridi na manyunyu. Gerd aliibeba taa mwenyewe, hatua chache nyuma, ili asimwaibishe mtoto. Mbele alikwenda mtu aliyevaa kama Martin juu ya farasi wake, bendi ikipiga, na watoto wakiimba chini ya bata wao wenye shingo ndefu. Ndipo Bastian, mtoto wa mwoka mikate, alipogeuka.

"Jamani, oneni! Kina Merle wamekuja na chakula cha jioni! Kichwa mmekisahau wapi?"

Gerd akaishusha taa. Merle akarudi nyuma, akamnyang'anya kijiti cha taa, akaiinua juu.

"Wewe Bastian, hadithi umeisikia au ulilala? Martin alipojificha bandani ili wasimfanye askofu, nani walipiga kelele mpaka akakamatwa?"

"Ni bata!"

"Basi. Bata wenye midomo, kama huyo wako. Wangu hana mdomo. Huyu ndiye bata pekee ambaye hakumchongea Martin."

Bastian akamtazama bata wake, akamtazama wa Merle. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Nani kakutengenezea?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Baba," Merle akasema. "Si huyo hapo? Muombe vizuri, labda mwakani atakukatia na wewe."

Gerd akatoa leso haraka, akapenga kamasi kwa kishindo hata farasi wa Mtakatifu Martin akashtuka.